Mikono miwili ya kushoto

Kila lugha iko na maneno ya kumwita mtu anayeangusha vitu, anayekata ubao kombo, asiyejua kazi aliyopewa. Sisi wa Kasuku tunapita lugha nyingi kwa siku moja: Kiswahili sokoni, Kifaransa darasani, Lingala kwenye muziki, na lugha ya baba nyumbani. Nimeweka maneno hayo moja kando ya lingine, na nilichokiona hakikunifurahisha. Mengi hayasemi kazi iliyoharibika. Yanasema mtu.

Tuanze na Kifaransa, juu ndicho tunachoandika kwenye buletini. Neno maladroit ukilipasua unakuta ndani yake upande wa kuume, uliokosekana. Gauche ni kushoto, na ni pia mtu asiyejua kushika vitu wala kukaa na watu. Mfaransa akitaka kucheka asiyejua kazi za mikono, anasema huyu ana mikono miwili ya kushoto. Mjerumani anasema vilevile. Lingala nayo inaita mkono wa kuume loboko ya mobali, na wa kushoto loboko ya mwasi, yaani mkono wa mwanamke. Tusiwacheke. Kwetu pia, ndani ya "kuume" mume amekaa humo. Walioanzisha maneno hayo hawakutazama vizuri mama anayetwanga sombe, mtoto mgongoni, mkono moja kwenye mchi na mwingine ukirudisha majani ndani ya kinu.

Lakini neno linalotugusa zaidi watu wa Maniema ni mshenzi. Katika karne ya 19, Nyangwe na Kasongo zilipokuwa miji ya wafanyabiashara waliotoka pwani, muungwana alikuwa mtu huru, anayejua kuvaa, kusalimu na kusema. Aliyebaki ni mshenzi. Kutoka uungwana huo Kiswahili chetu kilipata jina la Kingwana. Sasa tujiulize: huyo mshenzi alikuwa hajui nini? Alijua kuchonga mtumbwi, kusuka nyavu, kufua chuma. Alichokosa ni desturi za mwenzake, basi.

Neno likaingia Lingala, likawa basenji, na Wabelgiji wakalitumia kwa furaha. Mwaka 1948 walianzisha kadi ya sifa ya kiraia, na mwaka 1952 ikafuata amri ya kuandikisha walioitwa évolués. Aliyeomba alikaguliwa mpaka nyumbani kwake, pamoja na namna familia inavyokula mezani. Fundi wa kweli aliweza kuonekana mjinga kwa sababu ya uma na kisu.

Mwaka huohuo wa 1948, serikali ya koloni ilipiga marufuku bwami ya Walega. Hapo ndipo nasikia uchungu. Daniel Biebuyck, katika kitabu chake cha mwaka 1973 juu ya utamaduni wa Walega, anaeleza jinsi walimu wa bwami walivyofundisha kwa methali, ngoma na sanamu za mti na za pembe ya tembo. Kuna sanamu zinazosifu, kama Sakimatwematwe mwenye vichwa vingi. Kuna nyingine zinazobeba kosa na aibu. Ninavyosoma mimi, ubora wa mafundisho hayo ni kwamba kosa linapewa sanamu, na anayetazama anajitambua mwenyewe kimyakimya. Sisemi bwami ilikuwa paradiso: bila mali na ndugu wa kukusaidia, hupandi daraja. Ila kwa jambo hili walitupita sisi wenye diploma.

Nasema hivyo kwa sababu mimi mwenyewe nilikosa. Katika darasa langu msichana moja alikuwa anachora duara kwa mkono wa kushoto. Kompa ikateleza, karatasi ikapasuka. Nikapaza sauti: "Maladroite!" Wenzake wakafanya jina. Mpaka siku ya kusoma matokeo, asilimia zikitangazwa mbele ya wazazi, kuna aliyeita "Maladro" nyuma ya uwanja na watu wakacheka. Kabla ya hapo alikuwa amekuja kuniuliza, kwa heshima: "Mwalimu, ile neno ilikuwa ya karatasi ao ya mimi?"

Sikupata jibu siku ile. Baadaye nilisikia mpiga kasia Mgenia, wakati wa kuvuka kwenda Alunguli, akimsemea kijana wake aliyetulowesha wote: "Musikasirike, hayazoea." Sarufi tunayofundisha inasema hajazoea, lakini ni kitu kimoja: ndani ya neno hilo kuna "bado". Incapable haina bado. Zoba haina bado. Mshenzi ndiyo kabisa.

Kwenye buletini za mwaka uliofuata nilijaribu kuandika hivyo kwa Kifaransa, pas encore. Mkubwa wangu alizirudisha, akasema nafasi ile ni ya neno moja tu. Kweli nafasi ni ndogo. Niliandika kwa herufi ndogondogo.