Kitenzi cha Kiingereza kwa Mzungumzaji wa Kiswahili: Mifano ya Mbinga na Mwambao wa Nyasa

Kitenzi kikuu cha Kiingereza kina maumbo machache. "Dig", yaani chimba, huwa "digs", "dug" na "digging", basi. Mengine hufanywa na vitenzi visaidizi vinavyotangulia, hasa "be", "have", "do" na "will". Kiswahili hupachika viambishi ndani ya neno lenyewe. Alichimba ni "dug", atachimba ni "will dig", na hapo hakuna anayekwama. Ugumu uko kwenye -na- na -me-, ambavyo kila kimoja hubeba kazi ambazo Kiingereza huzitenga.

"Wamatengo wanalima ngoro" yaweza kuwa desturi ya miaka yote, au kazi inayoendelea mlimani sasa hivi. Kiingereza humlazimisha msemaji kuchagua. Kwa Wamatengo, wakulima wa milima ya Mbinga, ngoro hulimwa hivi: nyasi hufyekwa mvua zikielekea kwisha, hupangwa kwa miraba kwenye mteremko, kisha udongo huchimbwa katikati ya kila mraba na kuzifunika. Shimo hubaki likinasa maji, na matuta yanayolizunguka hupandwa maharage. Mahindi hufuata msimu mwingine. Maelezo yote hayo, kwa kuwa ni ya mazoea, huchukua umbo tupu: "They cut the grass and cover it with soil." "They are digging" husemwa jembe likiwa mkononi, au kwa shughuli ya kipindi hiki tu. Kipimo kizuri ni hu-: sentensi ikiikubali bila kubadili maana, "be" na "-ing" zikae pembeni. Ratiba hukiuka kipimo hicho, maana "The ship leaves Mbamba Bay tomorrow" haina "be" wala "-ing" ingawa safari ni ya kesho.

Kwa -me-, aina ya kitenzi ndiyo huamua. Kitenzi cha tukio hufuata "have": wavuvi wamerudi, "The fishermen have returned". Lakini wakati uliokwisha ukitajwa, "have" huondoka. Katika mazungumzo "wamerudi jana" hupita bila kumkera mtu. Kiingereza hudai "returned yesterday". Vivyo hivyo, misionari wa Kianglikana William Percival Johnson "died at Liuli in 1928". Mwaka ukishatajwa, "has died" haiwezekani.

Vitenzi vya kuingia katika hali ndivyo vinavyonasa wengi, na vitabu vya shule huvipita haraka mno. Mvuvi amelala kando ya mtumbwi: "is asleep". Ukiandika "has slept", msomaji ataelewa kwamba usingizi umekwisha. Amesimama ni "is standing", amevaa kofia ni "is wearing a hat", na kahawa imeiva shambani ni "the coffee is ripe", ambapo kitenzi chenyewe kimegeuka kivumishi.

Vitenzi vya kujua, kutaka na kumiliki kwa kawaida hukataa "-ing": najua ni "I know". "Have" ina sura mbili: "He has a boat" kwa umiliki, lakini "He is having lunch" kwa kula.

Katika kukanusha na kuuliza, "do" hubeba wakati na kitenzi kikuu hurudi kwenye umbo tupu. "They did not dug" ni kosa kwa sababu wakati uliopita umetajwa mara mbili; sahihi ni "did not dig". Penye "be", "will" au "have" kama kisaidizi, "do" haihitajiki: "is not", "will not", "have not".