Fainali Iliyochezwa Siku Mbili Kabla

Novemba 25, 2019, Kenya iliifunga Tanzania Bara 2-0 katika uwanja wa Azam Complex, Chamazi, ikabeba kombe la CECAFA la wanawake mbele ya wenyeji. Mabao yote mawili aliyafunga Jentrix Shikangwa, yote kipindi cha pili. Mpaka leo, ukikaa kijiweni hapa Mabwerebwere, au ukifika Kilosa mjini au Mikumi, utaambiwa kwamba siku ile mabeki wetu walilala, au kwamba Shikangwa hakabiki. Kwamba Shikangwa ni mshambuliaji hatari, hilo sibishi. Ila mimi mechi ile naisoma kwa ratiba, na ratiba inaniambia sehemu kubwa ya kipigo kile ilishaandaliwa kwenye nusu fainali.

Mashindano yalianza Novemba 16. Timu zilikuwa nane, makundi mawili ya timu nne nne. Kwa hiyo aliyefika fainali alicheza mechi tano ndani ya siku kumi, dakika 450. Wataalamu wa mazoezi husema mwili wa mchezaji unahitaji takriban saa 72 kurudi katika hali yake baada ya mechi nzito. Katika ratiba ya namna hiyo saa 72 hazipatikani. Hapo kocha hawezi kuwaza mechi moja moja tu. Analazimika kuwa na bajeti ya pumzi kwa mashindano mazima, na kila bao la mapema ni akiba inayoingia.

Sasa tazama nusu fainali zilivyokwenda, siku mbili kabla ya fainali. Kenya iliichapa Burundi 5-0. Sisi tuliitoa Uganda kwa 1-0. Kwenye karatasi wote wameshinda, wote wamefuzu. Uwanjani ni vitu viwili tofauti kabisa. Ukiongoza kwa mabao matatu au manne unaweza kumtoa mshambuliaji wako, ukamwambia kiungo apunguze mbio, timu ikapasiana mpira pembeni huku saa inakwenda. Ukiongoza 1-0 dhidi ya Uganda huthubutu kumgusa beki wa kati hata kama anachechemea. Kila mpira wa kona wa mpinzani unakula nguvu za watu kumi na mmoja. Tena wakati ule sheria ilimpa kocha nafasi tatu tu za kubadilisha wachezaji.

Uchovu wa namna hii hauonekani dakika ya kumi. Unaonekana baada ya mapumziko. Beki wa pembeni anapanda kusaidia mashambulizi kama alivyozoea, ila kurudi anachelewa hatua mbili. Beki wa kati analazimika kusogea kuziba, na akisogea anaacha mlango katikati. Kiungo mkabaji ambaye kazi yake ni kuufunga mlango huo anafika mpira umeshapita. Mshambuliaji anayejua kukimbia kwenye uwazi haombi zaidi ya hapo. Tulikuwa tumefika fainali hatujaruhusu bao hata moja, tukaruhusu mawili katika kipindi kimoja. Sikubali kwamba mabeki wale wale walisahau kazi yao ghafla.

Anayeona natafuta kisingizio cha nyumbani arudi mwaka 2016, picha inageuka. Mashindano haya yalichezwa mara ya kwanza Zanzibar mwaka 1986, na wenyeji wakayatwaa, kisha yakakaa miaka 30 bila kurudi. Yaliporejea Septemba 2016 pale Njeru, ng'ambo ya mto kutoka Jinja nchini Uganda, timu yetu ya wanawake, Kilimanjaro Queens, chini ya kocha Sebastian Nkoma waliifunga Kenya 2-1 kwenye fainali. Mwanahamisi Omary alifunga yote mawili kabla ya mapumziko. Christine Nafula akarudisha moja mapema kipindi cha pili, halafu Kenya wakakosa la kusawazisha.

Kenya waliishiwa pumzi wapi? Nusu fainali yetu tuliwafunga wenyeji Uganda 4-1. Kenya walitoana jasho na Ethiopia mpaka wakashinda 3-2. Zaidi ya hapo, timu zilikuwa saba. Kundi letu lilikuwa na Rwanda na Ethiopia tu, la Kenya lilikuwa la timu nne. Tuliingia fainali tukiwa na mechi tatu miguuni, wao wakiwa na nne. Simnyang'anyi Mwanahamisi heshima yake, maana bila mabao yake hakuna kombe. Ila nasema wazi kwamba droo ilitubeba mwaka ule, kama ratiba ilivyotuumiza miaka mitatu baadaye.

Mfumo wa ligi unabadilisha hesabu hizi. Kigali, Julai 2018, timu tano zilicheza kila moja na mwenzake, bila nusu fainali wala fainali. Tulianza kwa kufungwa 1-0 na wenyeji Rwanda, tukatoka sare 1-1 na Kenya. Katika mtoano kuna siku kipigo kimoja kinakurudisha nyumbani. Kwenye ligi kocha wetu Bakari Shime alibaki na nafasi ya kupanga upya, na siku ya mwisho Ethiopia ikachapwa 4-1, kombe likarudi Tanzania. Juni 2025 Chamazi mfumo ulikuwa huo huo wa timu tano, na mechi ya mwisho dhidi ya Kenya tukaimaliza kwa 1-0. Safari hii bao moja lilitosha, kwa sababu baada yake hapakuwa na mechi nyingine ya kudai pumzi.

Nyuma ya kombe la 2025 kuna jambo ambalo halikuwepo mwaka 2016: benchi. Kombe la Njeru lilichukuliwa kabla Ligi Kuu ya Wanawake haijapigiwa filimbi ya kwanza, maana ligi ilianza Novemba mwaka ule ule. Baada ya msimu wa kwanza, klabu za JKT Queens na Simba Queens zimekuwa zikipokezana ubingwa, na Shime akawa na zaidi ya wachezaji kumi na mmoja wa kuwaamini. Timu yake ilikwenda Afrika Kusini mwaka 2021 kama mgeni mwalikwa wa COSAFA, mashindano ya nchi za kusini mwa Afrika, ikatwaa kombe kwa kuifunga Malawi 1-0. Na sheria nayo imemsaidia mwenye benchi pana: nafasi tano za kubadilisha wachezaji zilianza kwa muda mwaka 2020, zikawa za kudumu mwaka 2022.

Haya yanatuhusu hapa Mabwerebwere kuliko tunavyodhani. Bonanza la kata linachezwa siku moja, nusu fainali asubuhi na fainali jioni, jua la Kilosa likiwa halina huruma. Mwalimu anawapanga wasichana wale wale kumi na mmoja tangu mechi ya kwanza. Binti mwenye mbio kuliko wote anaachwa uwanjani timu ikiongoza 4-0, eti aongeze mabao. Jioni anatembea, watu wanasema hana moyo.

Walimu mnaoandaa timu za mashindano ya shule, UMITASHUMTA na UMISSETA, Kilosa na Mikumi, nawaomba jambo moja msimu ujao: timu ikifika 3-0, mtoeni mfungaji wenu, mpeni maji na kivuli, na msichana aliyekaa benchi aingie acheze.