Kitabu Kilichopungua Kurasa

Wahakiki wetu huhukumu kitabu kana kwamba hakina mwili. Hutaja maudhui, fani na wahusika. Gundi, uzi na jalada huwaachia wapiga chapa. Lakini mahali ambapo nakala moja husomwa na watu kumi, mwili wa kitabu ni sehemu ya maana yake.

Makambako ni mji wa wapitaji: barabara ya Songea huungana hapo na ile ya Dar es Salaam na Mbeya, na reli ya TAZARA hupita. Vitabu navyo hupita. Hapo nimeona, juu ya turubai la muuza vitabu vilivyotumika, nakala ya Rosa Mistika, riwaya ya Euphrase Kezilahabi iliyotoka mwaka 1971. Jalada halikuwapo, kurasa za mwanzo na za mwisho zilikwisha kung'oka.

Atakayeinunua atasoma riwaya nyingine. Hatamwona Zakaria akimpiga binti yake kwa sababu ya barua ya mvulana, wala hatajua hofu ya Rosa ilianzia wapi. Hatafika mwisho, baba na binti wanaposimama mbele ya Mungu. Kitakachobaki ni kisa cha msichana aliyepotoka chuoni, na lawama yote ni yake. Kezilahabi aliandika kesi yenye washtakiwa wawili. Gundi iliyochoka imemwachia huru mmoja.

Mjini Njombe, kilomita zipatazo 60 kutoka hapo, vitabu vya nyimbo nilivyovishika kanisani vimeshonwa kwa uzi, na wenyewe wamevivika nailoni kwa ajili ya ukungu na mvua. Kaunta buku la madeni dukani nalo lina jalada gumu. Sala na deni tumevipa vitabu vya kudumu. Hadithi tumeigundisha tu. Huo nao ni uhakiki, ingawa haukuandikwa: kwamba riwaya ni ya mtihani, na mtihani ukipita itupwe.

Sikubaliani nao. Zamani huko pwani neno chuo lilikuwa na maana ya kitabu, kabla ya kuwa jina la mahali pa kusomea. Wazee walijua kipi huanza. Basi mhakiki akipewa riwaya mpya, kabla hajauliza ujumbe wake, aigeuze atazame mgongo. Ukiwa umeshonwa, msomaji wa kumi naye atasikia kesi nzima.