Njia za Matope za Devon

Mgeni akipita kijijini na kamera hutafuta kilima, machweo, au mti uliosimama peke yake. James Ravilious alisimama kwenye matope. Mwingereza huyu alizaliwa mwaka 1939, na mwaka 1972 akahamia kaskazini mwa Devon, kusini-magharibi mwa Uingereza. Huko John Lane, mkurugenzi wa kituo cha sanaa cha Beaford, alimpa kazi ya kupiga picha za maisha ya eneo lile. Aliifanya kwa takriban miaka 17. Akaacha picha zaidi ya 70,000, nyeusi na nyeupe, nyingi zikiwa za maili chache tu kutoka mlangoni kwake.

Baba yake, Eric Ravilious, alikuwa mchoraji hodari wa mandhari ya mashambani. Alipotea vitani akiwa ndani ya ndege karibu na Iceland mwaka 1942, mtoto akiwa na miaka 3. Wapo watakaosema jicho la James ni la kurithi. Mimi naona subira zaidi kuliko damu. Mtu anayepita njia ileile masika na kipupwe, mwaka hadi mwaka, mwishowe anajua jua litaingia saa ngapi kwenye pengo la wigo, na ng'ombe watarudi kukamuliwa wakati gani. Na wenye ng'ombe wamemzoea kiasi kwamba hakuna anayeacha kazi yake ili apigwe picha.

Lakini kuzoeleka peke yake hakutoshi, na hapa ndipo ufundi wake unaponivutia zaidi. Kila aliyewahi kushika kamera anajua shida ya kupiga ukielekeana na jua: anga linawaka, watu wanakuwa weusi ti, majani yanageuka doa moja. Ravilious aliupenda mwanga huohuo, kwa kuwa ndio unaochora ukingo wa kila jani na sufu ya kila kondoo. Ili aumudu, aliifungia kamera yake ya Leica M3 lenzi za zamani, zisizo na ule mpako ambao lenzi za baadaye zilipewa ili kuzuia mng'ao wa ndani. Lenzi yenye mpako hutoa picha kali, na weusi wake ni weusi kweli. Ya zamani huacha mwanga kidogo utawanyike ndani ya vioo na kuangukia penye kivuli, basi gizani hubaki kitu cha kuona. Kisha akaisafisha filamu kwa dawa inayopunguza ukali, ili anga lisiungue. Matokeo yake ni kijivu cha daraja nyingi mno, chenye ukungu na unyevu wa Devon ndani yake.

Itazame ile picha ya mkulima mzee, jirani yake, akiwa amebeba mzigo wa majani ya mmea mtambaazi kwa ajili ya kondoo wagonjwa. Picha ya kawaida ingetaka uso wa mzee. Hii inataka pia majani, kwa sababu majani ndiyo kazi ya siku ile. Ardhi na mtu wamepewa uzito sawa, na sijui wapiga picha wengi walioliweza hilo bila kumgeuza mkulima kuwa pambo la mandhari.

Aliziazima pia picha za zamani za familia za eneo hilo na kuzinakili, ili zihifadhiwe pamoja na zake.

Ukipata nafasi ya kuzitazama picha za Ravilious mwenyewe, usianze na nyuso, ingawa ni nzuri. Anza na zile zisizo na mtu. Kule Devon wigo mara nyingi hukaa juu ya tuta la udongo, na miti yake hukatwa nusu na kulazwa kwa mkono ili ichipue na kufungana. Angalia imelazwa kuelekea upande gani, mifugo imekanyaga wapi, lango limeachwa wazi au limefungwa kwa kamba. Kila picha ina kazi ya mtu ndani yake.