Sikio la Jikoni

Kamusi ya Kiarabu itakuambia kwamba abshir ni amri: furahi, pokea habari njema. Mswahili hata kamusi haihitaji, maana shina lake analo katika bishara na kubashiri. Lakini mwambie dada aliyefanya kazi za nyumbani Riyadh kwamba abshir ni "furahi", atakucheka. Kule ni jibu. Baba akiagiza kahawa, mtoto hujibu abshir. Mgeni akiuliza njia, mwenye duka husema abshir na kutoka nje kumwonyesha. Yaani umepata, niachie mimi.

Ufundi ninaousifu ni wa wanawake wa Kenya na Uganda wanaojifunza maneno ya namna hii bila daftari, mkono mmoja uko kwenye sufuria. Majina ya vyombo hayawasumbui: sahani, birika, finjani, tunayo tangu zamani. Kazi iko kwenye matumizi. Kitenzi cha Kiswahili hakimbagui mume na mke, cha Kiarabu humbagua. Bwana huambiwa abshir, bibi abshiri, wakiwa wengi abshiru. Anayejifunza kwa sikio hunasa kwanza lile analoambiwa yeye, abshiri, akamrudishia mzee wa nyumba vilevile, watoto wakaangua kicheko. Hakosei tena.

Akihamia Jeddah, sikio linaanza upya. "Sasa" ya Riyadh ni alhin, ya Jeddah ni dahin. Abshir inaeleweka, ila mji ule wa bandari, uliopokea mahujaji wa kila lugha karne kwa karne, hupenda pia hadhir, neno jepesi lisilo na fahari ya mabedui. Kwangu mimi abshir ndiyo tamu.

Tamu, lakini ina mtego. Wizara ya Mambo ya Ndani ya Saudia iliipa huduma yake ya mtandaoni jina hilohilo, Absher, na humo ndimo mwajiri humtolea mtumishi wa nyumbani viza ya kutoka na kurudi. Mageuzi ya kazi ya Machi 2021 yaliwalegezea masharti hayo wafanyakazi wa kampuni. Wa majumbani hawakuguswa. Basi dada akiomba likizo na kujibiwa abshiri, hashangilii. Anasikiliza kinachofuata. Akiulizwa tarehe, ataanza kufunga mzigo. Ikifuata inshallah ya kuvutavuta, na mazungumzo yakahamia kwenye chakula cha jioni, ameshajua ameambiwa nini, na kesho yake ataomba tena kwa maneno mengine.