Ngoma ya Watoto

Saa tatu asubuhi ngoma imeshawekwa juani. Ni chapuo la ngozi ya mbuzi, mdomo wake haupiti upana wa sahani ya wali, na mwalimu ameliegemeza kwenye shina la mwembe, upande ambao kivuli hakijafika. Usiku hewa ya bahari ya Tanga huilegeza ngozi, na ukiipiga hivyo hivyo itatoa sauti ya mtu mwenye mafua. Wapigaji wengi huwasha makuti makavu wakaipasha ngoma moto. Shuleni hakuna moto, kwa hiyo yeye anangoja jua. Kila baada ya dakika chache anaigeuza kidogo, anaijaribu kwa ncha za vidole viwili, sikio limeinama, kama mnunuzi agongavyo nazi sokoni. Bado. Anaiacha.

Anaposubiri, anaokota. Uwanja huu wa shule ya msingi, kando ya barabara iendayo Pangani, ni mchanga mtupu uliochanganyika na vizibo vya soda, vipande vya makombe na miiba. Anapita mstari kwa mstari, mgongo umeinama, mpaka kibati kimejaa. Kisha anachukua kijiti na kuchora maduara 48, kila moja la kumtosha mtoto mmoja aliyenyoosha mikono. Anayaita nyumba.

Watoto wa darasa la kwanza wanatoka mbio, wanavua viatu na kuvipanga chini ya mwembe. "Shikamoo mwalimu!" "Marahaba." Wasichana wanafunga ncha za mitandio nyuma ya shingo. Kila mmoja anaingia nyumba yake.

Nilidhani wataanza kuruka. Walianza kwa kusimama. Chapuo linapolia, tembea, likinyamaza, ganda. Rahisi kusema. Mtoto wa miaka 7 mwili wake huipitiliza amri, na mkono au kichwa hubaki kikitikisika baada ya miguu kutulia. Mwalimu alinieleza kwamba wiki tatu za mwanzo za muhula hakufundisha kingine. Hakuwagombeza walioteleza. Alinyamazisha ngoma, akangoja, na macho yake yakapita polepole kwenye vidole, viwiko, mabega, mpaka uwanja mzima ukatulia, kunguru tu wakibaki na kelele zao juu ya mwembe. Mtu ambaye hajui kusimama, aliniambia, hana pa kuanzia kucheza.

Halafu akauliza: "Kaa anatembeaje?"

Watatu wa nyuma waliketi chini. Wenzao wakacheka, na yeye pia alicheka, akasema sawa, leo tuna kaa wanaokaa. Wengine walishaondoka kwenda upande, magoti yamekunjwa, vidole vimefanywa magando. Wengi wa watoto hawa wamewahi kumkimbiza kaa ufukweni wakamkosa, na ilionekana. Lakini mara ya kwanza wote walitembea kwa namna moja, kwa sababu kila mmoja alimtazama jirani. Mwalimu aliona, na hakuonyesha. Mikono ilibaki juu ya ngozi. Aliongeza swali: huyu kaa ana njaa au ameshiba? Amebeba mayai? Amekiona kivuli cha ndege?

Hapo uwanja ukabadilika. Msichana mmoja alishusha kiuno mpaka karibu na mchanga, akawa ananyata kwa ncha za vidole, anasimama, ananyata. Mvulana wa pembeni alipiga hatua kubwa mbili, kisha akajikunja ghafla kama aliyeingia shimoni.

Ngoma zetu hatufundishwi hivi. Mtoto wa Kidigo anayeijua sengenya, au wa Kisambaa anayeujua mdumange, alisimama nyuma ya wakubwa, akatazama miguu, akafuata mpaka ikamkaa mwilini. Huo ni ufundi mwingine, na kwa ajili ya siku ya wazazi mwalimu huyu huufundisha kwa njia hiyo hiyo, kwa ukali kiasi. Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichoanzishwa mwaka 1981 na sasa kuitwa TaSUBa, kimefundisha ngoma za makabila mbalimbali kwa watu ambao hawakuzaliwa nazo, na bila kazi ya namna hiyo huenda nyingi zingesahaulika. Ila hapa chini ya mwembe anatafuta kitu tofauti. "Nikicheza mimi," alisema, "nitapata kaa 48 wanaofanana na mimi." Uingereza, mwaka 1948, mtaalamu wa dansi Rudolf Laban alitoa kitabu kilichowahimiza walimu wa shule waache kuwakaririsha watoto hatua zilizopangwa, wawape nafasi ya kuutafuta mwendo wao. Mwalimu huyu hakukitaja, nami sikumuuliza.

Kilichonishika zaidi ni mikono yake. Kulikuwa na mvulana mzito wa mwendo, aliyebaki nyuma kila mara, akiburuta unyayo wa kushoto. Mwalimu aliyaacha mapigo ya wengine, akaanza kumpigia yeye: di, kisha mkwaruzo wa kiganja juu ya ngozi, di, mkwaruzo. Mkono wa kushoto ulibana ukingo ili sauti isitawanyike. Mtoto alikwenda hatua nne bila kujua. Ya tano alisimama, na ngoma ikasimama. Akatupa mguu, ikalia. Akageuka kumtazama mwalimu, mdomo wazi, kisha akaburuta mguu taratibu sana, makusudi, na kiganja kikaburuta pamoja naye. Sisi tumezoea mchezaji aifuate ngoma. Dakika ile ngoma ilimfuata mtoto, na baada ya hapo hakubaki nyuma tena, ingawa hakuongeza kasi.

Mwisho waliungana kuvuta wavu wa samaki. Kamba haikuwapo, lakini visigino vilichimba mchanga, na mmoja aliyeachia mapema alipigiwa kelele na wenzake kwamba samaki wanatoroka. Ndipo walipokuwa na raha kupita zote, na ndipo mwalimu aliponyamazisha chapuo. Kipindi cha darasa la kwanza ni dakika 30. Ngoma ya watoto haikeshi, husema watu wazima kwa dharau; yeye anaitumia methali hiyo kama saa. Waliketi katika nyumba zao, kiganja kifuani, wakisikiliza moyo ukipungua mbio.

Waliporudi darasani maduara yalikuwa yamefutika yote. Chapuo alilirudisha ofisini mwenyewe, akalifunika kwa khanga. Alhamisi atachora mengine 48.