Mpishi wa Wali wa Crows Nest

"Mjomba, huko hakuna mchuzi," mpwa wangu alinitahadharisha tukiwa bado kwenye treni. Tulipanda Barangaroo, treni ikapita chini ya bandari ya Sydney, na baada ya dakika chache tukaibukia Crows Nest, mtaa wa kaskazini uliopata stesheni yake Agosti 2024. Nikamwambia mimi ni mtu wa Tanga. Samaki wa nazi nimekula, wa kupaka, wa kuchoma, hata ng'onda. Akacheka. "Na mbichi je, mjomba?"

Hapo nikanyamaza. Kwetu samaki mbichi ni bidhaa, bado hajawa chakula. Lazima apitie kwenye ndimu, chumvi na moto ndipo aitwe kitoweo.

Mkahawa wa sushi tuliokuwa tukiuendea ungeupita bila kuuona. Mlango mmoja wa kusukuma pembeni, kaunta ya mbao, viti vinane. Nyuma ya kaunta alisimama mzee wa Kijapani aliyejifunga kitambaa cheupe kichwani. Sikuona jiko wala sufuria. Nilichokiona ni kisu kirefu chembamba, ubao, bakuli la maji, na chombo cha mbao chenye mfuniko alichokiweka karibu na mkono wake wa kulia, kama mtu anayelinda mtoto aliyelala.

Kabla ya kuagiza, mpwa wangu aliuliza kwa adabu kuhusu mirini, ile pombe tamu ya mchele ambayo wapishi wengi wa Kijapani huitia kwenye sosi. Mzee hakukunja uso. Alitusogezea sosi ya soya isiyochanganywa na kitu, akasema wali wake una siki, chumvi na sukari basi. Kisha akafunua kile chombo, na mvuke mwepesi wenye harufu ya siki ukatufikia. Nikagundua kwamba jiko lilikuwepo, ila kazi yake ilikwisha kabla hatujafika.

Wengi wetu tunadhani sushi ni samaki mbichi. Sivyo. Samaki mbichi peke yake huitwa sashimi. Sushi ni wali, wali uliotiwa siki, na samaki anayelazwa juu yake ni kitoweo. Mswahili anapaswa kulielewa jambo hili upesi kuliko watu wengine, kwa kuwa lugha yake tayari imetenga chakula na cha kulia chakula.

Tena mambo yalianza kinyume kabisa. Karne nyingi zilizopita, samaki aliyetiwa chumvi alifukiwa ndani ya wali kwa miezi mingi. Wali ulichacha, uchachu ukamhifadhi samaki asioze, na siku ya kula wali ulitupwa, samaki akaliwa. Ilikuwa njia ya kuhifadhi, sawa na ng'onda wetu. Kadiri watu walivyopunguza muda wa kusubiri, wali ukaanza kulika. Mwanzoni mwa karne ya 19, katika jiji la Edo, ambalo leo ni Tokyo, wauzaji wa barabarani wakaacha kungoja uchachu uje wenyewe. Wakatia siki kwenye wali, wakaufinyanga kwa mkono, wakalaza samaki juu yake, mteja akala akiwa amesimama. Jina la Hanaya Yohei ndilo linalotajwa zaidi katika habari hiyo. Kilichokuwa kikitupwa kikawa ndicho kiini.

Nilimwangalia mzee akifanya kazi. Alilowesha vidole kwenye maji ya siki, akapiga kiganja mara moja kuondoa matone, akachota wali bila kuutazama. Mkono wa kushoto ulikuwa umeshashika kipande cha samaki. Akadidimiza dole gumba katikati ya wali ili kuacha nafasi ya hewa, akageuza, akabana, akageuza tena. Sekunde chache tu. Nilipoweka kipande kinywani, wali ulikuwa na joto la mwili wa mtu na samaki alikuwa na ubaridi kidogo. Ulishikana mkononi, ukaachana kwenye ulimi.

Sisi wa pwani tunausifu wali unaochambuka, punje na punje mbali mbali. Mke akitoa wali ulioshikana, wifi atakuwa na la kusema. Wali huu unatakiwa ufanye yote mawili, ushikane na uchambuke, kila jambo kwa wakati wake. Ili ufike hapo, mchele wa punje fupi huoshwa mpaka maji yakaribie kuwa maangavu, hulowekwa, hupikwa kwa maji machache, kisha humwagwa ukiwa wa moto kwenye beseni pana la mbao. Siki hunyunyizwa, mwiko hupita kama unaokata, hausongi, maana ukisonga umepika ugali. Wakati huo huo wali hupepewa kwa kipepeo kama kile cha jiko la mkaa, ili unyevu wa juu ukauke na punje zing'ae. Mbao hunywa maji yaliyozidi. Chombo cha bati kisingefanya hivyo.

Mchele wa namna hiyo una historia yake Australia. Mwaka 1905 aliingia nchini humo Mjapani aitwaye Jo Takasuka, katika miaka ambayo sheria ya 1901 iliwafungia mlango watu wasio Wazungu. Alipata ardhi kando ya mto Murray, karibu na Swan Hill, akapambana na mafuriko na ukame kuthibitisha kwamba mpunga unaweza kuota huko. Kilimo cha biashara kilikuja baadaye, mwaka 1924, katika eneo la Riverina, New South Wales. Leo Riverina hulima hata mbegu za Kijapani kama Koshihikari.

Na samaki? Sokoni Sydney, ukingoni mwa ghuba ya Blackwattle, mnada huanza alfajiri saa kumi na moja na nusu. Kule Feri, Dar es Salaam, dalali hupandisha bei kwa sauti. Hapa, tangu 1989, saa kubwa ya kompyuta huanza na bei ya juu na kuishusha taratibu. Wa kwanza kubonyeza kitufe ndiye mwenye mali. Ukisita, amekwenda. Ukiharakisha, umelipa zaidi. Anayenunua hapo lazima awe ameshamkagua samaki na kuamua moyoni thamani yake kabla saa haijaanza kuteremka.

Mzee alitupa kwanza kingfish wa Australia. Asikudanganye jina, si nguru wetu; huyu ni wa ukoo wa kolekole. Alikuwa ameuawa kwa namna ambayo Wajapani huiita ike jime: chuma chenye ncha hupigwa kwenye ubongo, damu hutolewa, waya mwembamba hupitishwa kwenye uti wa mgongo. Samaki hapati muda wa kutapatapa, na nyama huchelewa kukakamaa. Kisha hulazwa kwenye baridi siku kadhaa ladha ikue. Hili lilinishtua, kwa kuwa mimi nimelelewa kufunua mashavu ya samaki na kumkataa wa jana.

Baadaye alikuja samaki mweupe aliyelala usiku mzima katikati ya majani makavu ya mwani, mwani ukanyonya maji yake na kumwachia utamu wake. Nikawakumbuka akina mama wa Paje, Unguja, wanaolima mwani tangu 1989, wakaukausha na kuusafirisha kwenda nchi za nje, lakini wenyewe huuonja kwa nadra. Halafu akaja wa jamii ya kibua, aliyekaa kwenye chumvi kisha kwenye siki mpaka ngozi ikang'aa kama fedha. Huyo nilimwelewa mara moja. Mtu yeyote aliyekula kachumbari na samaki wa chumvi angemwelewa.

Kwa hiyo niliwadhulumu samaki kwa kuwaita "mbichi". Samaki wale walikuwa wametiwa chumvi, wamelazwa, wamekaushwa, wamekatwa kwa kisu kilichonolewa upande mmoja, kwa mvuto mmoja usiorudi nyuma. Moto peke yake ndio uliokosekana, nao ulikwenda wote kwenye wali.

Tulikula kwa mkono, na mzee aliridhika. Ndivyo inavyoliwa tangu Edo. Alimrekebisha mpwa wangu mara moja tu, alipochovya wali kwenye sosi ukaanza kumeguka. "Geuza kipande, uchovye samaki."

Ukifika Sydney, utaona sushi kila stesheni, mirija minene ya wali iliyojazwa kuku na parachichi, inayoliwa njiani kama muhogo wa kuchoma. Inashibisha, sina ugomvi nayo. Lakini ukitaka kumjua fundi, keti kaunta, onja wali kwanza. Ukiwa mbaya, lipa uondoke. Hakuna jodari atakayeuokoa.